Stakabadhi ya Mayu na Mnyororo wa Ugavi

Mwezi uliopita nilikaa meza ya mbele katika semina ya utafiti ya wanafunzi wetu wa shahada ya uzamili. Mada ya siku ilikuwa usimamizi wa mnyororo wa ugavi wa kimataifa. Binti mmoja ninayemsimamia aliwasilisha pendekezo lake kuhusu safari ya pamba kutoka Bariadi hadi viwanda vya nguo vya Asia. Mchoro wake ulikuwa nadhifu: kiwanda cha kuchambua pamba, lori, bandari ya Dar es Salaam, meli, kiwanda cha kusokota nyuzi Bangladesh, kiwanda cha kushona mashati, duka la Ulaya. Mishale yote ilielekea kulia. Alipomaliza, tulimpigia makofi.

Kisha mzee mmoja, mtumishi mstaafu wa serikali ambaye huja kwenye semina zetu kwa mapenzi yake tu, akanyoosha mkono. "Binti yangu," alisema, "hiyo pamba ilifikaje hapo kiwandani?"

Watu walicheka. Binti hakucheka. Alinitazama mimi, na nilijua kwa nini. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na sura nzima kuhusu ghala la chama cha msingi, mizani, na siku ambazo mkulima husubiri fedha zake. Ni mimi niliyeikata sura ile kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Nje ya upeo wa utafiti. Hiki ni kilimo, si ugavi wa kimataifa."

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa Bariadi. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa pamba. Najua harufu ya ghala lililojaa hadi darini, na najua jinsi vidole vinavyochanika kwa vikonyo vilivyokauka wakati wa kuchuma. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandika maneno yale, na tena kwa hati nzuri.

Turudi mwaka 2019. Msimu ule bei dira ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu, yaani pamba kama inavyotoka shambani kabla haijachambuliwa. Mama yangu alipeleka kilo 412 ghalani, zikapimwa, akapewa stakabadhi. Fedha akaambiwa zitakuja. Juni ikapita. Julai mjukuu wake alitakiwa kuripoti kidato cha tano, na godoro, sare na michango haisubiri mnunuzi. Mayu aliuza mtamba wake mnadani, kwa bei ambayo hata leo hapendi kuitaja. Fedha za pamba zilimfikia Oktoba.

Wakati ule nilikasirika kama walivyokasirika wengi, nikalaumu wanunuzi. Sikufanya hesabu ambayo ndiyo kazi yangu. Nimeifanya juzi, baada ya semina.

Pamba mbegu ikichambuliwa hutoa takriban theluthi moja ya nyuzi. Kinachobaki karibu chote ni mbegu. Kwa hiyo kilo moja ya nyuzi ilihitaji kilo tatu za pamba ya Mayu, yaani shilingi 3,600. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300. Hiyo ni dola 1 na senti 57. Sokoni New York pamba hutajwa kwa senti za dola kwa ratili, na kilo moja ina ratili 2.2. Gawanya: senti 71 kwa ratili, kabla ya gharama za kuchambua, ushuru, na lori la kupita Maswa na Mwigumbi kuelekea Dar es Salaam. Ni kweli mbegu nazo huuzwa kwa wakamuaji wa mafuta, na hapo mnunuzi hujifuta jasho kidogo.

Mwanzoni mwa Mei 2019 bei ya New York ilikuwa bado juu ya senti 70. Tarehe 10 Mei Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 200 kutoka asilimia 10 hadi 25. China ni mnunuzi mkubwa wa pamba na mtengenezaji mkubwa wa nguo. Bei ikaporomoka ndani ya siku chache, na kufikia Agosti ilikuwa chini ya senti 60. Mnunuzi aliyesimama mbele ya ghala letu alikuwa anatakiwa anunue ghali akauze rahisi, akaona afadhali asubiri. Benki nazo zikasita kumkopesha. Serikali ililazimika kuingilia kati ili pamba itoke mikononi mwa wakulima.

Hapo ndipo nilipofunika daftari. Ugomvi wa Washington na Beijing ulishuka ngazi kwa ngazi, kupitia New York, kupitia wafanyabiashara na benki, na kila aliyekuwa na mkataba au bima akausukuma kwa wa chini yake. Ulipofika Bariadi hapakuwa tena na wa chini. Ukamalizikia kwenye mtamba wa Mayu. Kama huo si mnyororo wa kimataifa, sijui tunafundisha nini.

Vitabu tunavyotumia darasani vinasema mnyororo wa ugavi una mitiririko mitatu: bidhaa, taarifa na fedha. Ni maelezo mazuri, na nimeyaandika ubaoni miaka mingi. Ila vitabu hivyo vimeandikwa kwa jicho la anayenunua. Hofu yake kubwa ni bidhaa kuchelewa. Fedha kuchelewa kumfikia muuzaji huitwa ustadi wa kusimamia mtaji. Ukikaa Dutwa au Nkololo unaona kinyume. Bidhaa imeshaondoka. Taarifa ya bei iliyoporomoka inafika ikiwa uvumi wa mnadani. Fedha ndizo hazijulikani ziko wapi. Kwa miezi ile yote Mayu aliukopesha mnyororo wa kimataifa shilingi 494,400 bila riba, bila dhamana, na bila mtu yeyote kumwita mwekezaji.

Robota moja la nyuzi lina uzito wa kilo 181, yaani takriban kilo 550 za pamba mbegu. Mkulima anayevuna kilo 200 hadi 300 kwa ekari, na wengi wetu ndipo tulipo, anahitaji ekari mbili ili kulijaza. Robota likishafungwa lina namba, daraja na mwenye nalo. Ekari mbili zile hazina namba popote.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema, nao hawakuwa na shahada. Walianzia kwenye mizani: miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Usukuma waliweka wapimaji wao wenyewe kwa sababu hawakuamini mizani ya mfanyabiashara. Kutokana na hatua hiyo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Baadaye vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa, kisha soko likafunguliwa mwaka 1994. Hiyo ni hadithi ndefu na ina lawama za kutosha kila upande. Ninachotaka kusema ni kwamba wao walianza kuhesabu pale mkulima anapokabidhi mzigo. Sisi wasomi tukapasogeza mahali pa kuanzia hadi mlango wa kiwanda, kwa sababu huko ndiko kuna takwimu zilizopangwa vizuri.

Baada ya semina nilimwita binti ofisini. Nilimwambia arudishe ile sura, na kwamba kosa lilikuwa langu. "Mwalimu," aliniuliza, "na mtahini wa nje akisema ni kilimo?" Nikamwambia aniachie mimi. Sina hakika kama nitashinda, lakini safari hii nitabishana upande unaostahili.

Jioni ile nilimpigia simu mama kumuuliza kama bado anayo stakabadhi ya mwaka 2019. Anayo, kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na za miaka mingine. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwani baba, wamegundua walinizidishia?"

Nilimwambia hapana, ni kwa ajili ya shule. Mpwa wangu aliipiga picha akanitumia. Karatasi imefifia, lakini wino wa bluu unasomeka. Kuna nafasi ya jina, kijiji, daraja, kilo, bei, na tarehe ya kupima. Nafasi ya tarehe ya malipo haimo.