Bodi ya kuishi ndani ya matatu

Wiki hii nachora bodi ya kifaa cha kufuatilia matatu. Kikizimika njiani, dereva ndiye anayeshukiwa kuchomoa waya, kwa hiyo sifanyi mzaha. Programu ndiyo kazi yangu, lakini hakuna programu inayokaza plagi iliyolegea! Kwenye barabara ya matuta, kapasita ndefu huyumba juu ya miguu yake mpaka lehemu inapasuka. Dawa ni kuilaza na kuishika kwa silikoni. Joto nalo: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kapasita ya elektroliti hupoteza karibu nusu ya maisha yake. Yangu nimeiweka mbali na regyuleta. Feni sitaki, vumbi litaiua mapema. Nimechagua kasha la alumini litoe joto nje. Ni ghali kuliko plastiki, na mteja ameshaanza kununa.