Nyika Iliyo Mlangoni mwa Jiji

Ukishika barabara ya Lang'ata Jumapili asubuhi, msomaji mpendwa, kabla watoto hawajachoka kukuuliza ni lini mtafika, mtakuwa mmekwisha kufika. Yapata kilomita 7 tu kutoka katikati ya Nairobi nyika inaanza: nyasi, migunga, twiga watatu wamesimama, na nyuma ya shingo zao maghorofa ya jiji.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliwekwa mwaka 1946, nayo ndiyo ya kwanza nchini Kenya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117, eneo dogo mno ukililinganisha na Tsavo. Hata hivyo humo mna simba, chui, nyati, viboko, na vifaru weusi, wale ambao majangili nusura wawamalize nchi nzima. Tembo usimtafute, utapoteza petroli bure. Walioko ni watoto yatima wanaolelewa ukingoni. Afadhali uwapeleke wanao pale zilipochomwa pembe za ndovu, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, wapate somo la historia ambalo hawatalisahau upesi.

Sasa utazame ramani. Kaskazini, mashariki na magharibi mbuga imezingirwa na ua wa waya. Kusini tu, ng'ambo ya mto Mbagathi, ndiko kulikobaki wazi. Wakati wa mvua nyumbu na pundamilia huvuka mto huo kwenda malishoni katika nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti. Kiangazi kikiingia hurudi mbugani, kwa kuwa maji ya mito na mabwawa humo hayakauki upesi. Kwa hiyo katika miezi ya ukame mbuga huwa kimbilio, na kila ekari yake huwa na mwenyewe.

Ndiyo sababu wananchi wengi walishtuka mwaka 2020, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipotoa rasimu ya mpango wa miaka kumi wa mbuga hii. Humo mlitajwa hoteli na mkahawa ndani ya mbuga, na ua wa kufunga upande wa kusini. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa, na kwa maoni yangu zilikuwa za haki. Mbuga ilikuwa imekwisha kupunguzwa na barabara kuu, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2019 imepita katikati yake juu ya daraja refu la nguzo.

Huenda ukauliza: je, mfanyakazi aliyetoka jasho juma zima hana haki ya kustarehe? Anayo, tena kubwa. Lakini tufikiri hoteli ni nini hasa. Si vyumba tu. Ni magari ya mizigo alfajiri, jenereta, taa usiku kucha, maji ya kuoga na kufulia, na mabaki ya jikoni ambayo nyani na fisi huyanusa kutoka mbali. Milango ya mbuga hufungwa jioni, na tangu hapo giza ni mali ya wanyama. Chui huwinda gizani. Mgeni wa hoteli halali saa hiyo. Yu barazani, muziki unalia. Na vyumba vya namna hiyo, tuseme kweli, bei yake si ya mtu anayesubiri mwisho wa mwezi.

Starehe ya jamaa yenye mshahara wa kawaida ipo tayari. Penye lango kuu pana makao ya wanyama yatima na njia ya miguu ambapo mtoto huona wanyama bila gari. Ndani pana viwanja vya kula chakula ulichofungasha, na karibu na mabwawa ya viboko mtu huruhusiwa kutembea. Kama panahitajika zaidi, na pajengwe nje ya lango, palipokwisha kukanyagwa.

Kusini ndiko kwenye kazi ngumu. Ardhi ya Kitengela ina wenyewe, na viwanja vinauzwa na kuzungushiwa ua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila ekari wanayoiacha wazi. Kila kiwanja kinachofungwa huko humrudisha nyumbu mbugani, na hata zikija mvua, hana pa kutokea.