Watatu wanamtafuta muuaji mmoja: riwaya ya Uskoti yasimuliwa kwa wahami wa Bunia

Riwaya nyingi za upelelezi humficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Laidlaw, kitabu cha mwandishi Mskoti William McIlvanney kilichotoka mwaka 1977, hakimfichi. Toka mwanzo msomaji anamwona kijana akikimbia katika mitaa ya mji wa Glasgow, na kijana mwenyewe anajua alichokifanya. Kwa hiyo swali la kitabu si nani ameua. Swali ni nani atamfikia wa kwanza: polisi, baba wa msichana aliyeuawa, ama wakubwa wa magenge ya mji.

Kitabu hicho, katika tafsiri ya Kifaransa, kimesomwa Bunia na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari. Ni mama aliyekimbia kijiji chake katika eneo la Djugu, na sasa anaishi katika familia iliyompokea. Alikisoma mara mbili. Kisha, kwa kuwa wengi wanaomzunguka hawasomi Kifaransa, alikisimulia kwa Kiswahili kwa muda wa jioni tatu, mbele ya wahami wa kambi moja ya mji huo. Walikuja akina mama, vijana na wazee wachache. Jioni ya tatu walikuwa wengi kuliko ya kwanza, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kugombana juu ya kisa hicho kwenye bomba la maji.

Kisa chenyewe ni kifupi. Msichana Jennifer Lawson anawaaga wazazi wake kwamba anakwenda kucheza dansi na rafiki yake. Harudi. Maiti yake inaokotwa katika bustani ya Kelvingrove, magharibi ya mji. Aliyemuua ni kijana Tommy Bryson. Tommy ni kijana anayependa wanaume, na ameishi akijificha na kujichukia kwa ajili hiyo. Mwalimu aliwaeleza wasikilizaji jambo ambalo msomaji wa leo anaweza kulisahau: kitabu kilipotoka, tendo hilo lilikuwa bado kosa la jinai katika sheria ya Uskoti. Uingereza na Wales walikuwa wamekwisha kulifuta mwaka 1967, lakini Uskoti walingoja hadi sheria ya mwaka 1980. Kitabu hakisemi kwamba aibu hiyo inamwondolea Tommy hatia. Kinasema tu kwamba mtu huyo hakushuka kutoka mbinguni wala hakutoka kuzimu, bali alikulia mtaani kati ya watu wanaomjua.

Baada ya hapo mbio zinaanza. Bud Lawson, baba wa marehemu, ni mtu wa nguvu na wa maneno machache. Hataki korti. Anataka kumpata kijana huyo kwa mikono yake, na anasaidiwa na John Rhodes, mtu anayeogopwa katika mtaa wa Calton. Upande mwingine, mpenzi wa Tommy anamwomba tajiri mmoja wa magenge amsaidie kumtorosha, lakini tajiri huyo anapiga hesabu zake na kuona kuwa kijana aliyekufa hana hatari kwake kuliko kijana aliye hai. Katikati yupo inspekta Jack Laidlaw, ambaye anataka kumkamata Tommy akiwa mzima, akajibu mbele ya sheria.

Laidlaw si polisi wa kawaida. Katika droo ya meza yake, mahali ambapo wengine wangeficha chupa ya pombe, yeye hufungia vitabu vya falsafa. Anapofuatilia kesi anapenda kutembea kwa miguu na kupanda basi, asikie watu wanasema nini. Nyumbani kwake ndoa inayumba. Kazini ana mpinzani anayeitwa Milligan, polisi anayeamini kwamba dunia ina pande mbili tu, sisi watu wema na wale waovu, na kwamba kazi ya polisi ni kulinda mpaka huo. Laidlaw hakubali. Kwake yeye, mtu akimwita mwenzake mnyama, basi amejipa ruhusa ya kutofikiri tena. Kati ya wawili hao amewekwa polisi kijana, Harkness, ambaye anatembea na mmoja huku akipeleka habari kwa mwingine, na polepole inambidi achague njia yake.

Jioni ya kwanza ilikwenda karibu yote katika kueleza Glasgow. Wasikilizaji wengi walidhani Ulaya ni mahali pa watu wasiokosa kitu. Mwalimu aliwaambia habari za mji uliojengwa kwa meli, chuma na makaa ya mawe, ambao viwanda vyake vilikuwa vinafungwa. Aliwaambia pia kwamba katika miaka ya baada ya vita vikuu vya pili, serikali ilibomoa mitaa ya zamani iliyojaa watu na kuhamisha maelfu ya jamaa hadi mitaa mipya pembezoni mwa mji: Drumchapel, Easterhouse, Castlemilk, Pollok. Walipewa nyumba zenye choo na maji, na hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini majirani wa miaka mingi walitawanyika, maduka yalikuwa machache, na kazi zilibaki mbali. Jamaa ya Lawson inakaa Drumchapel.

Hapo mama mmoja aliuliza kama watu hao walirudi kwao. Mwalimu akajibu kwamba hapakuwa tena na mahali pa kurudi, maana nyumba zilikuwa zimebomolewa. Hakuna bunduki iliyowafukuza, na mwalimu alisisitiza tofauti hiyo. Hata hivyo mama yule alisema ameelewa kwa nini katika kitabu hicho hakuna jirani anayemjua Jennifer vizuri.

Jambo la pili waliloelewa bila maelezo marefu ni chuki ya Bud Lawson. Baba huyo ni Mprotestanti wa kupindukia. Binti yake alipopenda kijana Mkatoliki, alivunja urafiki huo kwa nguvu. Glasgow imegawanyika hivyo tangu karne ya 19, Waairlandi wengi walipokuja kutafuta kazi, na mgawanyiko huo unaonekana mpaka leo katika mashabiki wa timu mbili za mpira, Rangers na Celtic. Kambini, ambako Wakatoliki na Waprotestanti wanapokea msaada katika mstari mmoja, vijana walicheka kwanza. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa kila mmoja alijua majina mengine ambayo yangewekwa mahali pa hayo mawili. Hakuna aliyeyataja.

Mabishano makubwa yalikuja jioni ya pili. Mwalimu aliuliza: kama ungekuwa Glasgow usiku huo na unajua Tommy amejificha wapi, ungemwambia nani? Vijana wengi walisema wangemwambia baba. Mzee mmoja, ambaye mwanawe aliuawa shambani na wauaji hawakujulikana kamwe, alisema waziwazi kwamba yuko upande wa Lawson. Polisi wakimkamata mtu, alisema, baada ya wiki mbili unakutana naye sokoni. Hakuna aliyemwambia mzee huyo kwamba amekosea. Mtu aliyezika mtoto bila kusikia jina la aliyemuua hafundishwi na wenzake jinsi ya kulia.

Mama mwalimu hakumjibu kwa maneno ya kitabu. Alisimulia habari ya mtoto wa ndugu yake, jambo ambalo wengi pale walikuwa hawalijui. Kijana huyo alishtakiwa na kundi la watu kwamba ameiba simu. Walimpiga kwa fimbo na mawe, na mtu alikuwa amekwenda kutafuta tairi na petroli. Kilichomwokoa ni mzee mmoja wa mtaa aliyekaa chini kando yake na kukataa kuondoka, akiwauliza mmoja mmoja kwa jina: wewe ulimwona akiiba? Wewe ulimwona? Hakuna aliyekuwa ameona. Simu ilipatikana baadaye nyumbani kwa mwenyewe. Kijana yuko hai, lakini mguu wake mmoja haukupona sawasawa.

Mtu anaweza kusema mfano huo haufanani na riwaya, kwa kuwa Tommy kweli ameua. Kijana mmoja alisema hivyo hivyo, na mwalimu alimsifu kwa kuliona. Hapo, alisema, ndipo ugumu wa kitabu ulipo. Kumtetea asiye na hatia ni kazi nyepesi ukishajua kwamba hana hatia. McIlvanney amechagua mtu mwenye hatia, ya kutisha, kisha anauliza kama huyo naye anastahili kufika mbele ya hakimu akiwa anapumua. Kama jibu ni hapana kwa Tommy, basi siku ile ya simu kundi lile halikuwa na sababu ya kusimama, kwa maana nalo liliamini limemshika mwizi wa kweli. Watu wenye mawe mikononi huwa na uhakika siku zote. Kinachomlinda asiye na hatia ni kanuni inayomlinda pia mwenye hatia mpaka asikilizwe.

Hata hivyo mwalimu hakukubali kila kitu katika kitabu. Ana malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba Jennifer anatoweka haraka mno. Wanaume wanakimbizana, wanatishana, wanafikiri mawazo mazito, na msichana anabaki maiti katika bustani. Mama yake, mke aliyezoea kunyamaza mbele ya mume wake, anaonekana kidogo tu, na kila anapoonekana msomaji anatamani abaki. Akina mama wa kambini waliunga mkono lalamiko hilo kwa sauti kubwa. Mmoja alisema kwamba katika kilio, wanaume husema habari za kulipiza, na wanawake ndio wanaojua marehemu alipenda kula nini.

Lalamiko la pili ni la mahali. Laidlaw ana bahati ya kufanya kazi katika nchi ambayo akimkamata mtu, njia inayofuata inajulikana. Kuna avoka, kuna hakimu, kuna gereza lenye chakula. Hakuna kitanzi: mtu wa mwisho kunyongwa Uskoti alinyongwa Aberdeen mwaka 1963, na Uskoti, Uingereza na Wales zilisimamisha adhabu hiyo kwa mauaji mwaka 1965. Ituri mambo ni mengine. Tangu utawala wa kijeshi ulipotangazwa hapa na Kivu ya Kaskazini mwezi wa tano mwaka 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Kwa mtu wa kijijini, kufikisha lalamiko mahali hapo ni safari, ni pesa, na mara nyingine ni hatari barabarani. Kumwambia mzee aliyefiwa avute subira kwa ajili ya korti asiyoweza kuifikia ni neno rahisi kwa msemaji kuliko kwa msikilizaji.

Mwalimu anaona hata hivyo kwamba kitabu hakiwadanganyi watu kuhusu polisi. Milligan naye ni polisi, na angeweza kumkamata Tommy bila kumwona mtu mbele yake. Laidlaw mwenyewe anachoka, anakosea na jamaa yake, na wenzake wanamwona kama mwendawazimu. Haki katika riwaya hii haitoki katika jengo wala katika sare. Inatoka kwa mtu mmoja anayeharakisha kufika kabla ya wengine na kusimama kati yao na yule wanayemtaka. Mzee wa mtaa aliyekaa chini karibu na kijana wa simu hakuwa na sare wala kasho, na alifanya kazi hiyo hiyo.

McIlvanney alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa mji wa Kilmarnock, na alifundisha shule kabla ya kuishi kwa kalamu. Wengi walishangaa mwandishi wa heshima kama yeye kushika kisa cha polisi. Lakini aliandika vingine viwili juu ya Laidlaw, mwaka 1983 na 1991, na waandishi wa upelelezi wa Uskoti waliomfuata, akiwemo Ian Rankin, wamesema wazi kwamba yeye ndiye aliyefungua njia. Alifariki mwaka 2015, na tuzo ya kila mwaka ya riwaya za upelelezi nchini mwake inaitwa kwa jina lake.

Jioni ya tatu mwalimu alimaliza kisa. Laidlaw anafika kwa wakati, na Tommy anakamatwa akiwa hai. Hakuna aliyepiga makofi. Baba hajapata alichokitaka, Jennifer hajarudi, na kijana aliyeua anabaki na tendo lake maisha yake yote. Mzee aliyefiwa aliulizwa kama amebadili mawazo. Alisema hapana, bado yuko upande wa Lawson. Lakini alisema pia kwamba kama siku moja atajua nani alimuua mwanawe, angependa kwanza amsikie mtu huyo akisema kwa kinywa chake kwa nini, na maiti haiwezi kusema.

Kitabu sasa kiko mikononi mwa wanafunzi wawili wa mwaka wa sita wanaojua Kifaransa. Wamekubaliana kukisoma kwa zamu, na wameombwa wakitunze kisilowe mvua.