Mtandao Usio na Waya Majumbani Mwetu

Jamaa zetu wengi wametuuliza khabari ya Wi-Fi, nao ni watu wenye akili na kazi zao, lakini kile kisanduku chenye mataa madogo kimewashinda kukifahamu. Asiyefahamu kitu alichokitia nyumbani mwake hulipa zaidi ya inavyompasa, na fundi akimwambia neno hana la kujibu. Sisi si mafundi. Twaeleza tuliyoyajua kwa kukaa nacho katika nyumba yetu ya ghorofa tatu katika Mji wa Kale wa Mombasa, na tuliyoyasoma baadaye kwa haja.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba intaneti na Wi-Fi si kitu kimoja. Intaneti yatoka mbali. Kwetu sisi watu wa pwani hufika kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mwaka 2009 zilifika Mombasa mbili, SEACOM na TEAMS, na huu wa pili waja moja kwa moja kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na khabari hupita humo kwa mwanga. Kutoka kituo cha ufukweni huletwa mjini hata ukutani kwa mtu, na watu huuita waya huo faiba. Hapo ndipo kazi ya intaneti inapokoma na kazi ya Wi-Fi inapoanza. Kisanduku, yaani ruta, huchukua kilicholetwa na waya na kukigawa nyumbani kwa mawimbi ya redio. Wazee wetu waliita simu ya upepo mtambo uliopeleka khabari bila ya waya, na jina lile lingefaa hapa pia, ila simu hii ya upepo haivuki mtaa.

Mwenye kuijua tofauti hiyo amepata nusu ya elimu yote. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na mtandao ukadhoofika sana Kenya na Tanzania. Siku ile alama ya Wi-Fi katika simu zetu ilikuwa imejaa kamili, wala hapana ukurasa uliofunguka vyema. Vijana wa nyumbani walikuwa wakizima ruta na kuiwasha, wakizima na kuiwasha, na kosa liko maelfu ya kilomita kutoka hapa, chini ya maji! Ile alama huonyesha tu kwamba simu yako yasikilizana na ruta. Haisemi lolote juu ya kilicho nyuma ya ruta.

Sasa tuje kwenye mawimbi yenyewe. Ruta nyingi hutumia namna mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni kiasi cha sentimita 12, na ya gigahezi 5, ambayo ni kiasi cha sentimita 6. Lile refu hupenya kuta vizuri zaidi na hufika mbali; lile fupi hubeba mengi kwa haraka lakini huchoka upesi likikuta ukuta. Kwa hiyo huenda ukaona majina mawili katika simu yako, moja likiishia na 5G. Wala usidhani kuwa hiyo ni ile 5G ya makampuni ya simu. Hapa maana yake ni gigahezi 5 tu.

Na kuta zetu ni kuta hasa! Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake waweza kufika nusu mita, na dari zake ni boriti zilizofunikwa kwa mawe na chokaa vilevile. Ni ujenzi mzuri kwa joto, lakini kwa Wi-Fi ni kama ngome. Fundi wa kampuni alipokuja aliiweka ruta chumba cha nyuma, nyuma ya televisheni, kwa kuwa waya wake uliishia hapo, akaenda zake. Bibi yetu hukaa ghorofa ya juu, naye hana furaha iliyo kubwa kuliko kumwona ami yetu aliye London, siku ya Ijumaa baada ya Alasiri. Uso wa ami ukawa unakatika katika kioo cha simu, sauti inapotea. Bibi akaanza kusema kwamba mwanawe amechoka kuzungumza naye.

Muuzaji wa kampuni alitushauri tulipe kiwango cha juu zaidi, maradufu. Kabla ya kulipa tulifanya jaribio jepesi, nalo twalipendekeza kwa kila mtu: tulisimama karibu na ruta tukapima kasi kwa simu, kisha tukapanda ngazi tukipima kila ghorofa. Chini kasi ilikuwa karibu sawa na ile tuliyoilipia. Kwa Bibi hakikubaki kitu. Basi mtandao ulikuwa ukifika nyumbani, ila haukupanda juu, na hata tungalilipa mara kumi Bibi asingalipata kitu. Lakini lau kasi ingalikuwa mbovu hata pale karibu na ruta, hapo lawama ingalikuwa ya kampuni.

Tuliitoa ruta nyuma ya televisheni tukaiweka juu ya rafu, ukumbini, karibu na ngazi, maana mawimbi hupanda kwa uwazi wa ngazi kama sauti ya mtu anayeita. Hilo lilisaidia ghorofa ya kati. Kwa Bibi tulipitisha waya wa mtandao ukutani mwa ngazi hata chumbani kwake, tukauunganisha na kisanduku cha pili kidogo. Wapo wanaouza vyombo vya kurudia mawimbi bila ya waya. Ni rahisi kuvitia, lakini vingi hupunguza kasi kwa kuwa husikia na kusema kwa njia ile ile moja. Mwenye kuweza kupitisha waya na aupitishe.

Bibi aliuliza kama chombo hicho chaweza kumdhuru karibu na kitanda. Nguvu yake ni ndogo mno, mara nyingi haizidi sehemu moja ya kumi ya wati, na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba hapana ushahidi wa kuridhisha wa madhara kutokana na mitandao hii. Hata hivyo alitaka kisogezwe mlangoni, nasi tulikisogeza.

Lililobaki ni neno la siri. Lile lililoandikwa chini ya ruta libadilishwe siku ya kwanza, pamoja na lile la kuingilia mipango ya ruta, ambalo ni jingine na wengi hawalijui. Na katika mipango ya ulinzi ichaguliwe WPA2 au WPA3. Ile ya zamani iitwayo WEP ilivunjwa tangu 2001 na haifai kitu.

Wako vijana wanaosema kwamba kutumia mtandao wa jirani si neno, maana hewa haina mwenyewe. Hewa haina mwenyewe, ni kweli. Ila huduma ina mwenye kuilipia, na kuitumia bila ya idhini yake ni kula haki ya mtu, sawa na kuvuta umeme katika mita yake. Kwa upande wa pili jirani ana haki zake. Machi 2020 shule za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wa nyumba ya pili walikaa barazani petu na simu moja, wakitafuta masomo yao. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake la siri, ambao humpa mgeni intaneti bila ya kumfungulia vyombo vya nyumba. Tulisoma mkataba wetu kwanza, maana mingine hukataza kugawa nje ya nyumba, wetu haukukataza. Tukawapa, kwa saa za masomo, na mama yao akaambiwa neno la siri yeye peke yake, awape atakapoona yafaa.