Haya Isiyokuwa na Kheri

Katika maradhi ambayo watu wetu hawapendi kuyataja ni yale yajulikanayo kwa choo. Mtu husema barazani kuwa ana pumu au sukari, lakini akiona damu chooni humficha hata mkewe. Sisi tuliokwisha kupita miaka 50 tumeona ni wajibu kulizungumza jambo hili.

Jirani yetu mmoja, seremala, alitokwa na damu muda wa mwaka mzima. Tabibu alimwambia ni bawasiri, akampa dawa ya kupaka, wala hakumpima, ilhali alikuwa akikonda na damu imempungua. Ilipobainika kuwa ni saratani ya utumbo mpana, ilikuwa imekwisha fika kwenye ini. Tulimzika, na kitinda mimba wake ni mwanafunzi wetu chuoni.

Saratani hii aghlabu huanza kwa kijinyama kisichouma, kiotacho ndani ya utumbo, na hupita miaka mingi kabla hakijageuka. Muhula huo ni rehema kwa mwenye kuutumia. Mwaka 1969, huko New York, daktari Hiromi Shinya alikiondoa kijinyama cha namna hiyo kwa mpira mwembamba upitao njia ya haja, pasina kupasua tumbo. Na mwaka 1993 ilitangazwa habari ya watu zaidi ya 46,000 wa Minnesota: waliopimwa choo kila mwaka, ikatafutwa damu isiyoonekana kwa macho, vifo vyao vya saratani hii vilipungua kwa kadiri ya thuluthi. Huko Marekani, tangu mwaka 2021, hata asiye na dalili hushauriwa aanze kupimwa afikapo miaka 45. Na ambaye mzazi wake aliugua huanza mapema zaidi.

Ikigunduliwa mapema, hukatwa kipande cha utumbo na ncha mbili zikaungwa. Ikiwa imeingia katika tezi za jirani, mgonjwa huongezewa dawa za kuizuia isirejee.

Nanyi vijana wetu mliotoka vyuoni mwetu na leo ni madaktari, tunawausia: msiseme bawasiri kabla ya kupima. Bawasiri na saratani huweza kukaa katika mwili mmoja, na kuiona ya kwanza si hoja ya kutokuwako ya pili. Mtu mzima aliyepungukiwa na damu bila ya sababu ijulikanayo, utumbo wake uchunguzwe. Muulizeni pia habari za wazazi wake na ndugu zake.

Ama haya ya kufunua uchi mbele ya tabibu, wanavyuoni wameiruhusu kwa dharura ya matibabu, kwa kadiri ya haja. Basi, enyi wake, waulizeni waume zenu. Nanyi watoto, waulizeni baba zenu kwa adabu. Swali moja la nyumbani laweza kumfikisha mtu kwa tabibu wakati dawa ingali yafaa.