Hongo za Njiani

Jumatano, 29 Januari 2025. Tabora, Isevya. Usiku.

Begi limefungwa, limefunguliwa, limefungwa tena. Mama kaongeza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nimetoa. Nimekwenda kuoga, narudi, ipo tena. Haya, iende.

Babu kaja kutoka Kwihara kwa baiskeli, na umri ule, na tope hili. Kaleta dumu la asali, lita tano. Kiti hakitaki, kakaa kwenye gunia la mkaa kama kawaida yake. "Kwa hiyo unashuka pwani." Hasemi Dar. Dar haijui. Halafu akaanza ile ya babu yake mpagazi, na ile nyingine, kwamba zamani kijana wa Kinyamwezi haoi mpaka awe amebeba mzigo hadi pwani na kurudi nao mwingine. Nikamwambia, babu, mimi msichana. Akasema basi wewe utawakagua wanaokuja kuposa, ambaye hajafika pwani mrudishe kwao.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Au alilia akasingizia kicheko. Sikumwangalia vizuri.

Laki sita. Nimeiandika niione: 600,000. Mwaka na zaidi tangu nitoke chuoni Dodoma, nauza asali kwa chupa za maji pale stendi, leo kazi Dar, laki sita kwa mwezi. Usingizi haupo.

Alhamisi, 30 Januari. Kwenye basi.

Mwandiko mbaya, dereva ana haraka zake.

Nyahua. Chaya. Pori, mizinga ya nyuki juu ya miti, pori tena. Watu wa misafara walipaita Mgunda Mkali. Maji ya kubahatisha, na aliyeishiwa nguvu njiani aliachwa. Mimi nina chupa mbili za maji na video ya nyimbo zinazojirudia tangu alfajiri. Nani kateseka zaidi, sijui.

Manyoni, Ugogo sasa. Hapa watemi walikuwa wakidai hongo, vitambaa, shanga, waya, ndipo msafara uchote maji na kupita. Babu hukasirika akisikia mtu anaita rushwa hongo. Anasema hongo ilikuwa ada ya njia, halali kabisa: umekanyaga nchi ya mtu, umekunywa kisima chake, toa. Basi limesimamishwa mara ya nne sasa. Konda kashuka na karatasi zake, karudi. Sisemi kitu.

Dodoma. Hapa ndipo ramani yangu inapoishia. Kona zote za mji huu nazijua, hata yule mama wa maandazi nyuma ya stendi. Natamani kushuka. Ningeshuka ningemwambia nini babu?

Jumamosi, 1 Februari. Gongo la Mboto.

Joto. Mtu anaoga, anajifuta, anatoka jasho akiwa bado anajifuta.

Mama mdogo kanipokea kwa vigelegele. Asali ilifunguliwa usiku uleule, na majirani wakaitwa kuonja. Nalala sebuleni na watoto wake watatu, miguu kwa vichwa, chini ya feni inayozunguka ikijisikia.

Saa tisa usiku honi ya treni. Nikashtuka nikajua niko nyumbani. Kumbe reli inapita hukuhuku nyuma ya nyumba, ile ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912. Treni ya mizigo, nzito, pole pole. Nilihesabu mabehewa kwa masikio hadi yakanipotea. Nimelia kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 3 Februari.

Nimeamka saa kumi. Nimefika kazini saa mbili na dakika tano. Kurasini. Gari mbili. Barabara yote inachimbwa kwa ajili ya mwendokasi, vumbi na foleni. Kuna kitu kinaitwa kugeuza: unapanda gari likiwa bado linakwenda kituo cha mwisho, unageuka nalo, unalipa mara mbili, ndio unapata siti. Kiti cha daladala nacho kina hongo yake.

Kazi: mizigo ya transiti. Bujumbura, Lubumbashi, Kalemie kupitia Kigoma. Namba ya kontena kwenye hati ifanane na namba ya kwenye mfumo, herufi nne na tarakimu saba, basi. Siku nzima. Nilipoliona neno Kigoma kwenye karatasi ya kwanza nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Njia ni ileile ya babu wa babu. Kasoro mimi nimekaa mwanzo wake, kwenye kiyoyozi, na mzigo wanabeba wengine.

Posho ya chakula hakuna, mpaka miezi mitatu ya majaribio iishe. Hilo kwenye usaili halikusemwa.

Mpagazi alipewa kibaba cha nafaka kwa siku. Nasema tu.

Jumamosi, 8 Februari.

Soko la Mchikichini na binamu, nguo za kazini. Sketi mbili, mashati matatu, yote ya mitumba, nimepigania kila shilingi. Muuzaji kakata kamba ya robota mbele yetu, watu wakavamia. Babu aliwahi kuniambia mtumba ni mzigo mmoja wa mpagazi, zile nguo zilizofungwa za kwenda bara. Leo mtumba ni shati la mzungu lenye kifungo kimoja pungufu. Elfu tatu. Nimeshona kifungo.

Alhamisi, 13 Februari.

Wali maharage kwa mama ntilie 2,500. Mara siku ishirini na kitu. Hapana.

Nimeanza kubeba michembe kwenye kopo. Dada wa meza ya pili kaniuliza, hivi ni vipande vya mbao? Nikampa kimoja na karanga. Akatafuna, akanyamaza, akanyoosha mkono tena. Mama yangu ana akili kuliko watu wote. Sitamwambia, atazidisha.

Jumapili, 16 Februari.

Siku ya dalali. Elfu ishirini ya kuzungushwa, nimeitoa hata sijaona mlango. Vyumba vitano. Cha kwanza kina choo cha watu kumi na wawili. Cha pili kizuri, laki na nusu. Cha tatu mwenye nyumba kaniuliza, unaishi na nani, nikasema peke yangu, akasema wasichana wanaoishi peke yao wanaleta wageni. Cha nne kina maji ukutani, na mvua za masika hata hazijaanza. Cha tano kimeshachukuliwa tangu jana, na dalali anajua, na mimi najua kwamba anajua.

Bei ya kawaida kwa chumba ninachoweza: elfu sitini. Kodi miezi sita kwa mkupuo. Dalali na yeye ya mwezi mmoja. Sita kwa sitini, laki tatu na sitini. Jumlisha sitini. Laki nne na ishirini.

Bado nitakuwa na laki na themanini ya kubaki. Sio mbaya. Sio mbaya hata kidogo.

Jumapili, 23 Februari.

Mama mdogo leo asubuhi, kwa sauti ya kuimba, anafagia: "Umeme wa mwezi huu umekimbia jamani, sijui nani anapiga pasi usiku." Ni mimi. Siku mbili za mgeni zilishapita zamani, jembe nimelishika, naosha vyombo, nachota maji, nawasimamia watoto homuweki. Wala hajakosea. Nyumba yake ndogo, mumewe hana kazi tangu Oktoba, na mimi ni tumbo la nne juu ya matatu ya watoto. Lakini ufagio ule ulikuwa unanifagia mimi.

Halafu nimeingizwa kwenye kundi la harusi. Ya mtu tuliyesoma naye. Kiwango cha chini elfu hamsini. Nimetoka kwenye kundi. Nimerudishwa.

Ijumaa, 28 Februari.

Meseji imeingia saa nane mchana. Nimeisoma chooni ili nifurahi peke yangu.

426,000.

Nikarudi mezani nikadhani wamekosea. Nikaomba karatasi ya mshahara. Mhasibu, kaka mpole, akanionyesha kwa kalamu. NSSF asilimia 10, elfu sitini. Kodi ya mapato, 24,000. Bodi ya mikopo, asilimia 15 ya mshahara wote, elfu tisini. "Umesoma kwa mkopo?" Ndiyo. "Basi ndiyo hiyo." Kumbe wengine wanakaa hata mwaka bila kukatwa. Mimi wamenidaka mlangoni.

Ukweli ni kwamba Bodi sina la kuwalaumu. Kisima chao nimekunywa miaka mitatu. Babu angesema toa, na angekuwa sahihi. Lakini mtu angeniambia! Mwezi mzima nimetembea na laki sita kichwani, nimeipangia, nimeigawa, kumbe sikuwa nayo.

Laki nne na ishirini ya chumba. Laki nne na ishirini na sita ya kwangu. Inabaki elfu sita. Kwa elfu sita nitakula, nitapanda gari, na kulalia sakafu.

Mama kapiga simu jioni. Hakuomba kitu. Aliuliza tu kama nimeshapata, akasema Mungu mkubwa, akaniambia bati la jikoni limetoboka pale kona. Hivyo tu. Nimetuma elfu arobaini.

Jumamosi, 1 Machi.

Mama mdogo: 60,000 alizonikopesha nauli, na 30,000 ya chakula. Alikataa ya chakula mara mbili. Ya tatu akachukua. Jioni kapika pilau, kaniita "mwanangu" mbele ya wageni. Sijui nihisi nini. Pilau lilikuwa tamu.

Zimebaki 296,000.

Jumatatu, 3 Machi.

Mfungo. Suala la chakula cha mchana limejitatua lenyewe kwa mwezi mmoja.

Jumamosi, 8 Machi.

Lazima niandike leo leo.

Dada wa michembe (sasa ndilo jina lake) kanipeleka Mtoni kwa Azizi Ali, kwa bibi anayemfahamu. Hakuna dalali. Nyumba ya vyumba sita, uani mwembe mmoja. Bibi kakaa kwenye mkeka, anamenya muhogo wa futari. Nikaamkia, shikamoo. Marahaba, kwenu wapi? Tabora. Akaweka kisu chini.

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo bibi."

Akapiga makofi. "Jamani njooni, wapagazi wamefika! Leteni gunia tumtwike!" Wapangaji wakachungulia milangoni. Nikaganda. Uso umenipanda moto. Halafu nikakumbuka. Mzaramo! Huyu ni mtani. Babu hunisimulia kila siku, babu zao na wetu wamekutana njiani vizazi na vizazi, wanaweza kutukanana hata msibani.

Nikavua viatu, nikakaa mkekani bila kukaribishwa. "Mzaramo wewe, babu zangu walikuja hapa kwa miguu, miezi mitatu, wakawakuta mmekaa hivihivi mnamenya muhogo. Na leo nimekukuta hujamaliza."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Dada wa michembe macho yamemtoka.

Kisha biashara. Elfu sitini, miezi sita. Nikasema mtani, miezi sita naitoa wapi? Nikifa leo kwa njaa wewe ndiye utakayekuja kuleta fujo kwenye mazishi yangu, na ubani utakula wewe. Akaniangalia. Nadhani aliniona hapo, nje ya mzaha. Akasema mitatu. Pasi ya umeme marufuku, jagi la umeme marufuku, LUKU tunachanga, geti saa nne. Barua ya serikali ya mtaa nilete.

"Na hongo yangu?"

Alisema hivyo. Neno lilelile. Nikauliza hongo gani.

"Asali. Mnyamwezi haji pwani mikono mitupu."

Jumapili, 9 Machi.

Nimempigia babu. Nimemweleza yote. Kimya kirefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha: "Umeulizia ukoo wake?" Sikuulizia. "Ungeulizia." Halafu akauliza muhogo walipika na nazi au bila nazi. Salio likakata kweli.

Jumamosi, 15 Machi. Mtoni.

Nimehamia kwa bajaji moja. Begi, ndoo, dumu, godoro. Godoro la elfu sabini na tano, jembamba, nikilala ubavu sakafu inanisalimia. Kufuli elfu nane. Mama mdogo alinisindikiza hadi barabarani, akabaki amesimama mpaka tukakata kona. Nilidhani atafurahi kuondokewa. Macho yake hayakuwa ya furaha.

Kodi imelipwa, 180,000. Nikitoa na nauli za wiki mbili hizi, mkononi nina 4,200. Mshahara tarehe 28. Na watoto wa bajaji hawakopeshi, nimejaribu.

Kazini kwa miguu kutoka hapa ni dakika arobaini. Nimepima jana jioni. Nitatembea.

Magharibi bibi kagonga mlango. Bakuli la muhogo, umewekwa nazi. "Kula, mpagazi, kesho una mzigo." Nikampimia asali kwenye chupa, nusu lita, mbele ya macho yake. Akasema imepunjwa. Nikaongeza kidogo.

Jumapili, 16 Machi. Alfajiri.

Niliamka saa tisa mwenyewe, nikasikiliza. Reli ya kati haipiti huku. Mvua imeanza, chumba hakivuji. Daku: michembe ya mwisho, vipande saba, na asali iliyobaki kwenye kitako cha dumu.