Rahisisha kwanza

Nimepotea kidogo, kazi imenibana. Jumamosi binamu yangu, aliye mwaka wa kwanza chuoni, alinitumia picha ya ukurasa wa hesabu na maneno machache: "Kaka, kalkulasi imenishinda. Nabadilisha kozi."

Swali lilitaka derivativu ya

y = (x³ − 4x) / (x − 2)

Aliona mgawanyo, akaikimbilia kanuni ya mgawanyo. Kanuni anaijua vizuri. Kosa lake ni alama moja ya kutoa kwenye mstari wa tatu, na kuanzia hapo ukurasa mzima ukaharibika. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilirudia mtihani mmoja kwa makosa ya aina hiyo hiyo.

Ukiifuata njia yake bila kuteleza, unafika hapa: (2x³ − 6x² + 8) / (x − 2)². Sasa tuiache kalkulasi kando tuangalie ile sehemu ya juu. x³ − 4x ni x(x − 2)(x + 2). (x − 2) ya juu inafutana na ya chini, inabaki y = x² + 2x. Derivativu ni 2x + 2. Basi!

"Mbona majibu ni mawili?" akauliza. Nikamwambia azidishe 2x + 2 kwa (x − 2)² ajionee. Baada ya dakika kama kumi: "Aaaah."

Ila kuna sharti: andika pembeni kwamba x si 2. Swali la awali halina thamani hapo, na kufuta hakuzibi hilo pengo. (Na tafadhali usifute x moja moja kati ya x³ na x − 2. Kinachofutwa ni kigawo kizima.)

Kwenye programu jambo hili linauma zaidi. Ipe JavaScript lile jibu refu, x ikiwa 2, utapata NaN: sifuri kwa sifuri. Weka 2.00000001 uone balaa. Jibu sahihi linakaribia 6, lakini chini kuna kama 0.0000000000000001, na namba za biti 64 hubeba tarakimu 16 hivi tu. Huko juu, 16 na 24 na 8 zikishakatana, kinachobaki ni takataka ya kukadiria. Hakuna ujumbe wa kosa. Unapewa namba ya uongo na programu inaendelea. 2x + 2 haina shida hiyo.

Kurahisisha si kufungua mabano kila mahali, lakini. (2x + 1)⁵ iache ilivyo: kanuni ya mnyororo inakupa 10(2x + 1)⁴ papo hapo. Ukiifungua unajitafutia vipande sita vya kukosea.

Jana amenituma swali jingine, hili lina kipeuo cha pili. Habari za kubadilisha kozi hajazitaja tena.